Msifunge mapaja kwa tyubu bila kipimo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako. Barua ni ndefu kuliko desturi, lakini jambo lenyewe halielezeki kwa mistari kumi bila kumponza msomaji.

Katika jimu za mtaani hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, na vilevile Kakamega na Nakuru, vijana wameanza kufunga mapaja na mikono kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kabla ya kuinua vyuma. Kipande kinazungushwa mara tatu au nne, kinavutwa kwa nguvu zote, fundo linapigwa, kisha kuchuchumaa kunaanza. Wameona kwenye simu kwamba damu ikibanwa, msuli hukua hata kwa uzito mdogo. Walichoona ni kweli. Ila simu haikuwaambia wabane kiasi gani, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Mazoezi haya hujulikana kwa herufi BFR, yaani mazoezi ya kubana mkondo wa damu. Mwanzo wake ni Japani. Yoshiaki Sato, akiwa kijana mwaka 1966, alikuwa amepiga magoti kwa muda mrefu kwenye ibada ya Kibudha, akahisi mashavu ya miguu yamejaa na kukaza kama mtu aliyetoka kuinua vyuma. Alihangaika na wazo hilo miaka mingi, akijipima mwilini mwake, hadi likawa mbinu anayoiita KAATSU. Leo inatumika kwenye kliniki za viungo, timu za michezo na hospitali za wanajeshi waliojeruhiwa miguu, ikiwemo ya San Antonio kule Marekani.

Ili mtu aelewe kwa nini tyubu ni hatari, ni lazima kwanza aelewe mkanda halisi wa mazoezi haya, ule unaojazwa hewa, unafanya nini. Damu huingia mguuni kwa ateri, mishipa yenye kuta nene iliyozama ndani ya nyama. Hurudi moyoni kwa vena, ambazo kuta zake ni laini na husinyaa kwa urahisi. Mkanda ukijazwa hewa kwa kiasi, vena ndizo zinazolemewa kwanza. Ateri inapunguziwa njia lakini haifungwi. Damu inaendelea kuingia, inatoka kwa shida, na msuli unafanya kazi katika uhaba wa oksijeni.

Nyuzi za msuli zina aina mbili kuu. Zile za polepole hutegemea oksijeni, na ndizo zinazotupeleka Kibuye sokoni na kuturudisha. Zile za kasi hulala hadi mtu ainue gunia. Kwa kawaida huwezi kuziamsha bila mzigo mzito. Oksijeni ikipungua, zile za polepole huchoka mapema, na mwili hulazimika kuita za kasi ingawa mzigo ni wa kilo tatu tu. Asidi inayojikusanya msulini na seli zinazovimba kwa maji huongeza ujumbe uleule: jenga. Kwa saa kadhaa baada ya zoezi, msuli hutengeneza protini kwa kasi zaidi kuliko uzito huohuo ungefanya bila mkanda.

Sasa angalia kinachotokea tyubu inapokazwa hadi ateri ikafunga. Hakuna damu inayoingia. Mtu anafika mara kumi na mbili, mguu unawaka, anaacha. Hajapata kazi ya kutosha kukuza chochote. Utafiti umewahi kulinganisha watu waliobanwa mkono kwa asilimia 40 ya presha inayofunga ateri na waliobanwa kwa asilimia 90, kwa wiki nane. Misuli ilikua sawasawa. Waliobanwa zaidi walipata maumivu zaidi, basi. Kwa hiyo anayekaza hadi jicho linatoka analipa bei kubwa kwa bidhaa ileile.

Na nisieleweke vibaya kuhusu nani anahitaji mkanda. Kama una mwili mzima, viungo havikuumi, na unaweza kuinua asilimia 70 ya uwezo wako wa mwisho, yaani uzito unaoweza kuuinua mara moja tu, endelea na vyuma vyako. Ukubwa wa msuli unaopatikana kwa mkanda hukaribia ule wa uzito mkubwa, lakini nguvu halisi huongezeka zaidi kwa uzito mkubwa. Mkanda ni wa yule ambaye uzito huo umekatazwa kwake au unamwumiza: mchezaji aliyeshonwa ile kano ya goti wanayoiita ACL, mwendesha bodaboda aliyetolewa plasta baada ya miezi mitatu na paja limekonda kama mkono, mama mwenye goti lililolika asiyeweza kushuka ngazi, mzee ambaye kuinuka kitini kumekuwa mradi. Hao ndio mbinu hii ilipaswa kuwafikia kwanza. Inasikitisha kwamba imemfikia kijana wa kifua kipana kabla yao.

Nije kwenye kipimo. Kila mtu ana presha yake ya kufunga ateri, nayo hubadilika kwa mambo makubwa matatu: unene wa paja au mkono, presha ya damu ya mtu mwenyewe, na upana wa mkanda. Mkanda mpana hufunga ateri kwa presha ndogo. Mkanda mwembamba huhitaji presha kubwa. Milimita 200 za zebaki kwenye mkanda wa sentimita 18 huweza kufunga kabisa paja la mtu mwembamba. Milimita hizohizo 200 kwenye mkanda wa sentimita 5, kwa paja la mchezaji raga wa mstari wa mbele, huenda zisifunge chochote. Ndiyo maana mtu akikuambia "mimi hutumia 200," hajakuambia kitu mpaka ataje upana wa mkanda na paja ni la nani.

Kifaa ambacho kliniki nyingi zinaweza kupata ni mkanda wa mashine ya presha ya kupampu kwa mkono, ile yenye saa ya mshale. Mkanda wa kawaida wa mkono wa mtu mzima una mfuko wa hewa wa upana wa sentimita 12 hivi. Huo ni wa mkono tu. Kwa paja utafute mkanda wa paja, ambao mfuko wake hukaribia sentimita 18. Ukilazimisha mkanda wa mkono kwenye paja, ncha hazikutani vizuri, kishikizo kinafunguka katikati ya zoezi, na presha inakaa upande mmoja. Mashine ya kidijitali inayojipima yenyewe haifai kabisa kwa kazi hii, kwa sababu imeundwa kutoa hewa ikishapima. Haiwezi kushikilia presha. Kabla ya kuanza hakikisha mshale umelala kwenye sifuri, kisha jaza hadi 150 ukiwa umeuzungusha kwenye chupa ngumu, usubiri dakika mbili. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, mara nyingi kwenye kiungo cha mrija au kwenye skrubu ya kutolea hewa.

Mgonjwa akae kwa utulivu dakika tano hadi kumi, katika mkao uleule atakaofanyia zoezi. Hili watu hulisahau. Presha ya kufunga ateri ya mguu huwa juu zaidi mtu akisimama kuliko akilala, kwa hiyo ukimpima amelala halafu afanye zoezi akiwa amesimama, namba yako imekwisha kuharibika. Mkanda ukae juu kabisa ya paja, karibu na kinena. Kwa mkono, juu kabisa karibu na bega. Usifunge karibu na goti, usifunge kwenye shavu la mguu, usifunge kwenye kigasha. Karibu na goti, upande wa nje, kuna neva inayopita juu ya mfupa bila nyama ya kuilinda. Ikiminywa hapo, mtu anaweza kushindwa kuinua kidole gumba cha mguu. Katikati ya mkono wa juu kuna nyingine inayouzunguka mfupa, na hiyo ikiumia kiganja huning'inia. Juu, karibu na kinena na bega, nyama ni nyingi na neva zina mto. Weka kitambaa laini kisicho na mikunjo chini ya mkanda, na simu na funguo zitoke mfukoni.

Tafuta mpigo wa ateri nyuma ya ule mfupa wa ndani wa kifundo cha mguu, au kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole gumba. Njia bora ni dopla ya mishipa, yaani kifaa cha kusikilizia mkondo wa damu, ile ya megahezi 8, kwa sababu sauti hupotea waziwazi. Kliniki nyingi zina dopla ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, lakini hiyo ni ya megahezi 2 au 3, imetengenezwa kusikia mbali ndani, na ateri ya kifundo iko juu karibu na ngozi. Inaweza kukupa kimya cha uongo. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hukaribia ukweli kwa mkono, ila kwa mguu hupotosha. Kama hauna dopla, vidole vyako viwili vinaweza kutosha kwa mtu mwenye mpigo mzuri, ukikubali kwamba utakosea kidogo na hivyo uanze chini.

Jaza hewa polepole hadi mpigo upotee. Soma mshale. Hapo ndipo presha ya kufunga. Toa hewa yote, mpumzishe, rudia mara ya pili uone kama namba zinakaribiana. Kisha chukua asilimia 40 hadi 80 yake kwa mguu, na asilimia 40 hadi 50 kwa mkono. Mpigo ukipotea kwenye 180, asilimia 50 ni 90 na asilimia 60 ni 108. Mimi humwanzisha mgeni kwenye 50 kwa mguu na 40 kwa mkono, na sioni haraka ya kupanda.

Uzito nao una hesabu yake. Unatakiwa uwe asilimia 20 hadi 40 ya uwezo wa mwisho. Mgonjwa huwezi kumpima uwezo wa mwisho kwa goti bovu, kwa hiyo pima ule mguu mzima, usioumia: tafuta uzito anaoweza kuunyoosha mara kumi asiweze ya kumi na moja. Huo ni kama asilimia 75. Akiinua kilo 30 mara kumi, uwezo wake ni karibu 40, na uzito wa kuanzia upande ulioumia ni kilo 8 hadi 12. Mfuko wa mchanga uliopimwa kwenye mizani ya duka unatosha. Jerikani ya lita 5 ikijazwa maji ni kilo 5. Mikebe ya rangi iliyojazwa saruji ipimwe kwanza, kwani inayoitwa kilo kumi mara nyingi si kumi.

Chukua mfano wa mama wa miaka 62, goti la kulia limelika, ameketi kwenye benchi la juu miguu ikining'inia. Mpigo wake ulipotea kwenye 150, kwa hiyo mkanda unajazwa hadi 75. Mguu mzima unanyoosha kilo 9 mara kumi, kumaanisha uwezo wa 12, naye amefungiwa mfuko wa kilo 3 na nusu kifundoni. Ananyoosha goti kwa sekunde mbili, anashusha kwa sekunde mbili, bila kutupa. Mara 30. Zile kumi za kwanza atakuambia hii ni kazi ya mtoto. Kufikia ishirini paja linajaa, ngozi chini ya mkanda inageuka wekundu uliokoza au zambarau hafifu, na kwenye ngozi nyeusi hiyo utaiona vizuri kwenye kucha na nyayo. Anapumzika sekunde 30 mkanda ukiwa na hewa yake ileile. Kisha 15, sekunde 30. 15, sekunde 30. 15 za mwisho. Jumla mara 75, kwa dakika sita na nusu. Hewa inatolewa yote, si nusu.

Katika muda huo macho yako yasiwe kwenye simu. Kila pumziko, bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu hadi uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde tatu. Ikichelewa, au mguu ukiwa mweupe na wa baridi, umebana ateri: punguza. Akisema vidole vinakufa ganzi au anahisi sindano-sindano, toa hewa mara moja, usimwambie avumilie. Msuli kuwaka moto ni sehemu ya kazi. Ganzi ni neva inayolalamika. Maumivu ya kiungo chenyewe yasizidi yalivyokuwa kabla ya kuanza. Na msuli unapovimba kwa kazi, mshale hupanda wenyewe. Mkanda wa mashine ya presha haujisawazishi, kwa hiyo utazame na kuupunguza kurudi 75.

Asipoweza kufika 15 kwenye raundi ya pili, kuna kitu umezidisha. Ongeza pumziko hadi sekunde 45 au 60, au shusha presha kwa kumi hivi. Mzigo uguse mwishoni. Raundi ya mwisho akiishia 10 au 12 si tatizo. Akimaliza zote 75 huku anapiga gumzo, siku inayofuata ongeza nusu kilo. Kama kuna zoezi la pili, mkanda uwe bila hewa angalau dakika mbili kati yake. Mguu mmoja usibanwe zaidi ya dakika 15 hadi 20 kwa siku. Mara mbili au tatu kwa wiki, na angalau wiki tatu kabla ya kuuliza matokeo. Mengi huonekana kuanzia ya sita.

Kwa aliyetoka upasuaji na bado hawezi kunyoosha goti, upo mkanda wa kulala. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa ACL: mkanda ulijazwa kwa dakika tano na kuachiwa kwa dakika tatu, mara tano mfululizo, mara mbili kwa siku, kuanzia siku ya tatu hadi ya kumi na nne. Hawakuinua kitu. Paja lao halikukonda sana kama la wenzao wasiobanwa. Lakini zile ndizo wiki ambazo damu huganda kwa urahisi mishipani, kwa hiyo hili lifanywe hospitalini kwa ruhusa ya daktari aliyepasua, si nyumbani na jirani.

Hapo naingia kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote, nalo ni la kwetu hasa. Kutoka Busia na Siaya hadi Homa Bay na Migori, pamoja na Kakamega, Vihiga na Bungoma, watu wengi wamebeba jeni ya selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoitwa pia sickle cell. Malaria ndiyo sababu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja hulindwa sana dhidi ya malaria kali utotoni, na hivyo jeni ikadumu vizazi na vizazi. Mbebaji haumwi. Anacheza mpira, anaendesha boda, na huenda hajui hata kidogo. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa, na huyo kwa kawaida anajulikana nyumbani.

Chembe nyekundu zenye himoglobini hiyo hujikunja kama mundu pale oksijeni inapopungua, asidi inapopanda na maji yanapokauka mwilini. Sasa tazama nilichoeleza juu: mkanda unapunguza oksijeni, unajaza asidi, na unazuia damu isitoke. Ongeza joto la Kisumu saa tisa alasiri chini ya mabati na kijana ambaye hajanywa maji tangu asubuhi. Tumemtengenezea selimundu makao. Mgonjwa wa selimundu asifungwe mkanda kamwe. Mbebaji naye namzuia, kwa sababu hata bila mkanda wapo wabebaji waliozidiwa na mazoezi makali kwenye joto, misuli ikavunjika. Wapo wenzangu watakaosema mbebaji anaweza kwa uangalifu. Mimi sioni faida inayostahili kubahatisha, wakati kuna njia nyingine za kuimarisha paja.

Kwa hiyo kabla ya mkanda, mtu apimwe damu. Kipimo rahisi cha kuona kama chembe zinajikunja hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Kwa hilo kinahitajika kile cha kutenganisha aina za himoglobini. Lakini hata kile rahisi kikitoka bila dalili, kwa mtu mzima kinatosha kumruhusu, na kikitoka na dalili kinatosha kumsimamisha.

Wengine wasiofungwa nitawataja kwa haraka. Mjamzito, na mama aliyejifungua juzi. Aliyewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni. Mwenye saratani inayotibiwa. Mwenye mishipa iliyojisokota miguuni. Mwenye kidonda au maambukizi kwenye mguu huo. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, maana hataweza kukuambia neva inalalamika. Mkono wenye mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya kusafisha damu kwa mashine usiguswe, wala mkono wa upande ambao titi na tezi za kwapa zimeondolewa. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni aseme mapema. Presha ya damu ya kupumzika ikiwa 160 kwa 100 au zaidi, ninamrudisha kwa daktari. Zoezi hili hupandisha presha zaidi kuliko uzito huohuo bila mkanda.

Mguu uliovimba nao upimwe kwa futi ya fundi cherehani. Shuka sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, zungusha, linganisha na mguu mwingine. Tofauti ikizidi sentimita 3, na shavu la mguu linauma likibonyezwa, hiyo si kazi ya jimu. Apelekwe hospitalini siku hiyohiyo akachunguzwe kama damu imeganda.

Mtu atauliza: je, si hatari kupita kiasi basi? Japani walikusanya taarifa za zaidi ya watu 12,000 waliotumia KAATSU, zikachapishwa mwaka 2006. Michubuko ya damu chini ya ngozi iliwapata watu 13 hivi kati ya 100. Ganzi iliwapata 1.3 kati ya 100. Damu kuganda kwenye vena ilikuwa asilimia 0.055. Misuli kuvunjika na kumwaga sumu yake kwenye damu, asilimia 0.008. Ni namba ndogo, na zinanipa moyo. Lakini zilitoka kwenye vituo vyenye waelekezi waliofunzwa na mikanda yenye kipimo. Hakuna aliyezipata kwa tyubu.

Tyubu ina makosa ambayo hakuna uzoefu unaoweza kuyarekebisha. Ni nyembamba, sentimita 3 au 4, kwa hiyo nguvu yote inakaa kwenye mstari mmoja juu ya neva. Haina saa, kwa hiyo hakuna anayejua kama ni 100 au 300. Kila mzunguko huongeza kwa ule wa chini yake. Na paja likivimba mpira unabana zaidi badala ya kulegea, fundo linadidimia, na kijana aliyekwisha kufa ganzi vidole anahangaika kulifungua kwa meno ya mwenzake. Wenye jimu, nawaomba kwa moyo: ziondoeni ukutani. Kama kuna mteja mwenye afya anayesisitiza, awe na mkanda mpana wa kujaza hewa wenye saa, na awe na mtu pembeni anayejua kuutoa.

Kwa mgonjwa, aliyefunzwa ni mtaalamu wa fiziotherapia. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014 inawataka wasajiliwe na baraza lao, na mgonjwa ana haki ya kuomba kuona usajili huo bila kuonekana mkorofi. Amuulize pia swali moja: "Presha yangu ya kufunga ni ngapi?" Asiyeweza kujibu hajampima.

Jambo la mwisho ni dalili za nyumbani. Msuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Lakini mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi, paja likiwa gumu na limevimba, mtu anywe maji na aende hospitalini usiku huohuo bila kusubiri kuche, aseme alifungwa mkanda saa ngapi na kwa muda gani. Hiyo ni misuli iliyovunjika, na figo ndizo zinazoumia. Mara nyingi humpata mtu siku yake ya kwanza, yule aliyerudia raundi ya tano na ya sita kwa sababu uzito ulikuwa mdogo. Siku ya kwanza iwe 30 na 15, basi.

Na kwenye kitabu cha kliniki ya mgonjwa paandikwe kila mara: tarehe, upana wa mkanda, mkao, presha ya kufunga, asilimia, kilo, na alifika mara ngapi kwenye kila raundi. Presha ipimwe upya kila ziara. Uvimbe ukishuka na paja likianza kurudi, namba ya wiki iliyopita si yake tena.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Kisumu